Kibubu Kimoja: Jinsi ya Kuchagua Mpango wa Maili Ukiwa Msafiri wa Ekonomi wa Mara Mojamoja kutoka Dar

Kwenye droo ya kabati langu, Tabata, kuna kadi sita za mashirika ya ndege. Mbili ni za plastiki ngumu, jina langu limechongwa kwa herufi za kung'aa. Nyingine ni karatasi nilizochapisha mwenyewe ofisini. Kwa miaka kumi nilijiona mjanja: kila ndege niliyopanda nilijiandikisha kwenye mpango wao wa maili, yaani pointi unazopewa kwa kusafiri nao na unazoweza kubadilisha kwa tiketi, maana ni bure, kwa nini niache? Siku moja nikakaa na kalamu nijumlishe. Maili elfu nne huku, elfu mbili na ushee kule, mia saba mahali pengine, na akaunti moja iliyokuwa na maili 18,000 inasoma sifuri. Zilikuwa zimekufa mwezi uliopita. Shirika silitaji, na wala silaumu sana, kwani barua pepe za kunitahadharisha zilikuwa zinatumwa kwenye anwani ya ofisi niliyokwisha kuacha kazi.

Haba na haba hujaza kibaba, tunasema. Mimi nilikuwa na vibaba sita, kila kimoja kina punje tatu.

Mwongozo huu ni wa mtu wa aina yangu: unapanda ndege ya kwenda nje mara moja au mbili kwa mwaka, unakaa ekonomi, unanunua tiketi ya bei ya chini uliyoipata, na katikati unakwenda Mwanza au Bukoba kwa msiba au likizo. Kama mwajiri wako anakulipia bizinesi kila mwezi, hesabu zako ni nyingine kabisa, na huenda tayari una mtu wa kukufanyia.

Kabla ya hatua zenyewe, jua mchezo huu ulitungwa kwa ajili ya nani. Tarehe 1 Mei 1981 American Airlines ya Marekani ilianzisha mpango wake, AAdvantage, na wenzake wakaiga haraka. Aliyelengwa ni mfanyabiashara anayeruka kila wiki: apewe sababu ya kutokwenda kwa mshindani. Mama wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou mara moja kwa mwaka hakuwemo kwenye mawazo yao. Anaweza kuchuma kitu humo, ila kwa sharti moja, asitawanye.

Hatua ya 1: Andika safari zako za kweli

Chukua karatasi. Andika safari zote za ndege za miaka mitatu iliyopita, kisha zile unazojua kabisa zitakuwepo miaka miwili ijayo. Za ndoto usiandike. Ile ya kwenda kumtembelea rafiki Toronto unayoizungumzia tangu 2015, iache ilivyo.

Kando ya kila safari weka mambo mawili: nani alilipa, na nani alichagua ndege. Hapa ndipo wengi tunagundua ukweli. Kwangu ilikuwa hivi: Mumbai mara mbili nikimsindikiza mama kwenye matibabu, Istanbul mara moja, Dubai mara moja, Mwanza mara tano. Safari moja ya Mumbai ndege ilichaguliwa na kaka yangu aliyelipa. Ya Dubai ilikuwa ya semina, nikapelekewa tiketi tu. Kwa hiyo uaminifu wangu kwa shirika lolote ulikuwa wa tiketi mbili za kwenda nje. Ni vizuri kujua mapema kwamba wewe si mteja mkubwa.

Safari za kikundi ziwekee alama. Tiketi za umra, za hija na za makundi ya maonyesho ya biashara mara nyingi huuzwa kwa bei ya kundi, na bei za kundi kwa kawaida haziingizi maili, au zinaingiza kidogo sana. Muulize kiongozi wa msafara kabla hujazihesabu.

Na safari za ndani, zipime kwa jicho la sasa. Tangu treni ya SGR ianze kupeleka abiria Dodoma mwaka 2024, watu wengi niliokuwa nakutana nao kwenye foleni ya ndege ya asubuhi sasa nakutana nao stesheni. Kama safari zako za ndani zilikuwa Dodoma tupu, zifute kwenye hesabu.

Hatua ya 2: Jua ndege zinazotua Dar ni za ukoo gani

Mashirika mengi makubwa yamejigawa katika koo tatu, yaani miungano. Ukiwa mwanachama wa shirika moja la ukoo, kwa kawaida unaweza kupanda ndege ya ndugu yake na maili zikaingia kwenye akaunti yako ileile. Hili ndilo jambo ambalo mtu wa safari chache analihitaji kuliko yote, na ndilo nililolipuuza miaka yote.

Star Alliance, ulioanzishwa 1997, ndio wenye ndugu wengi hapa kwetu: Ethiopian (mpango wake unaitwa ShebaMiles), Turkish (Miles&Smiles), EgyptAir, na South African Airways. SkyTeam ina KLM, ambayo inatumia Flying Blue pamoja na Air France, na Kenya Airways iliyoingia 2010, yenye mpango wake wa Asante Rewards. Oneworld ina Qatar Airways, mwanachama tangu 2013, ambayo mpango wake ni Privilege Club, na mwaka 2025 Oman Air nayo ikajiunga. Maili za Qatar tangu 2022 zinaitwa Avios, jina lilelile wanalotumia British Airways, Iberia na Finnair, na unaweza kuzihamisha baina ya akaunti zako za huko. Kama una mtoto London na anasafiri Ulaya, hilo si dogo.

Emirates haina ukoo. Ina washirika wa mmojammoja, na flydubai inatumia mpango uleule wa Emirates, Skywards. Air Tanzania nayo haimo kwenye ukoo wowote. Maili zake za Twiga Miles ni za kuruka na Air Tanzania. RwandAir ina Dream Miles.

Sasa rudi kwenye karatasi yako ya hatua ya kwanza. Usiulize shirika gani ni zuri. Chakula, filamu na tabasamu la mhudumu havihusiki leo. Uliza: safari zangu nyingi zinaangukia ukoo gani?

Mtazamo wangu, na unaweza kunipinga: kwa mkazi wa Dar anayenunua tiketi kwa kufuata bei, Star Alliance ndiyo inayosamehe zaidi. Leo bei nzuri iko Ethiopian kupitia Addis Ababa, kesho iko Turkish kupitia Istanbul, na zote mbili zinafika India, China, Ulaya na Marekani. Ukiwa na ShebaMiles unaweza kupanda Turkish ukatoa namba yako ya ShebaMiles kaunta, na kinyume chake. Mwenye Skywards akipata bei nzuri Qatar, safari hiyo kwake imepotea.

Kumbuka tu kwamba ndege moja inaingia akaunti moja. Kuna mjanja mmoja ofisini kwetu aliyetoa namba moja wakati wa kununua, nyingine kaunta, akitegemea kuvuna mara mbili. Alivuna mara moja, tena kwenye ile akaunti asiyoitumia.

Hatua ya 3: Uliza maili zinakufa lini

Wauzaji wa mipango hii watakuonyesha picha ya siti ya kulala na glasi ya juisi. Wewe fungua ukurasa wa masharti, tafuta muda wa maili. Kwa msafiri wa mara mojamoja, hapa ndipo uamuzi ulipo, na ndiyo maana nitakaa hapa kidogo.

Kuna vifo vya namna mbili.

Namna ya kwanza ni kifo cha umri. Maili ikizaliwa, saa yake inaanza kuhesabu, na hata ukisafiri kila mwezi ile ya zamani itakufa siku yake ikifika. Skywards ni ya namna hii: maili zinaishi angalau miaka mitatu, kisha zinakatwa mwisho wa mwezi wako wa kuzaliwa. Miles&Smiles ya Turkish nayo inafuata miaka mitatu.

Namna ya pili ni kifo cha ukimya. Maili haina umri. Inakufa ukinyamaza muda mrefu. Flying Blue inakupa miezi 24 tangu ndege yako ya mwisho inayohesabika. Avios za Privilege Club zinakaa mradi katika kila miezi 36 kuwe na kitu kimeingia au kimetoka kwenye akaunti.

Sasa jipime. Kama una uhakika wa safari moja kila mwaka na ukoo uleule, kifo cha ukimya hakikuhusu: kila safari inazipa pumzi zote zilizotangulia, na unaweza kukusanya miaka minane kwa ajili ya tiketi moja kubwa. Hapo mipango ya namna ya pili inakufaa, hata kama inalipa kidogo kwa kila safari.

Kama safari zako zinakuja kwa kundi, yaani mwaka huu tatu kwa sababu ya matibabu ya mzazi, halafu miaka minne hakuna kitu, mpango wa umri si mbaya, kwa sharti kwamba unazitumia mapema. Avios hapa zina nafasi ya kipekee, kwa sababu kinachotakiwa ni mwendo wowote kwenye akaunti, si lazima ndege. Flying Blue kwa mtu wa namna hii ni mtego: miezi 24 inapita upesi kuliko ada ya shule.

Na kama safari ni moja kila miaka mitatu? Jiandikishe kwa ajili ya huduma ndogondogo ukipenda, lakini usipange maisha yako kwa kufuata maili. Tafuta tiketi ya bei nafuu, funga ukurasa huu, nenda zako salama.

Fanya kitu kimoja zaidi. Weka kumbusho kwenye kalenda ya simu, miezi mitatu kabla ya siku ya kifo, liandikwe wazi: "Maili zinakufa tarehe fulani." Usitegemee barua pepe yao. Mimi niliitegemea.

Hatua ya 4: Soma herufi iliyo kwenye tiketi

Watu wengi wanadhani maili za kwenye akaunti ni maili za njiani. Umeruka maili elfu kumi na mbili, unapata elfu kumi na mbili. Ingekuwa hivyo sote tungekuwa mabosi.

Kila tiketi ina herufi ya daraja la bei. Angalia kwenye karatasi ya tiketi, karibu na namba ya ndege, utaona Y, au B, au Q, au nyinginezo. Abiria wawili wanaokaa siti jirani, wanaokula wali uleule, wanaweza kuwa na herufi tofauti kabisa. Aliyenunua bei kamili ana Y, aliyenunua bei ya promosheni ana herufi ya ngazi ya chini ya bei. Kwenye mipango inayohesabu umbali, herufi hiyo ndiyo inayosema utalipwa asilimia ngapi ya njia.

Tupige hesabu ya Kariakoo. Kutoka Dar hadi Addis Ababa ni maili kama 1,100, na Addis hadi Guangzhou kama 5,000. Kwenda na kurudi ni takriban 12,200. Tuseme herufi yako inalipa asilimia 100: unaingiza zote. Tuseme inalipa asilimia 25: unaingiza 3,050. Ndege ni hiyohiyo, mzigo wa sampuli za viatu uleule, usingizi mbaya uleule. Na ukitoa namba ya mpango wa ndugu badala ya ule wa shirika unalopanda, asilimia inaweza kubadilika tena, kwani kila mpango una jedwali lake kwa kila ndugu. Kuna herufi ambazo ndugu halipi chochote. Fungua jedwali la mpango wako, tafuta jina la shirika unalopanda, kisha herufi. Ni kazi ya dakika tano.

Mipango mingine haijali umbali, inajali fedha. Flying Blue ilihamia huko mwaka 2018: mwanachama wa ngazi ya chini anapata maili 4 kwa kila yuro aliyolipa, kodi za serikali na viwanja zikiwa nje ya hesabu. Tiketi ya yuro 500 bila kodi inakupa maili 2,000, uende Amsterdam ukomee hapo au uvuke bahari. Kwa mpenda bei ya chini, maana yake ni kwamba ukibahatika kwenye bei umekosa kwenye maili. Sioni ubaya, fedha ya mfukoni ni bora, ila ujue.

Mawakala wetu wa mjini hawapendi sana maswali haya. Niliwahi kuuliza mmoja mtaa wa Jamhuri.

"Kaka, tiketi hii inaingiza maili?"

"Inaingiza, dada."

"Ngapi?"

Akatazama kompyuta, akanitazama mimi. "Dada, sasa maili za nini tena, na bei hii nzuri niliyokupa?"

Usimkasirikie, biashara yake ni tiketi. Muulize swali analoweza kujibu: "Herufi ya daraja ni ipi, na kuna nyingine juu yake kwa tofauti ya shilingi ngapi?" Wakati mwingine tofauti ni ndogo, na herufi ya juu inakuja na ruhusa ya kubadilisha tarehe. Hapo unanunua ruhusa ya tarehe, maili ni nyongeza.

Hatua ya 5: Ipe maili bei ya shilingi

Bila hatua hii utadanganywa, na atakayekudanganya ni wewe mwenyewe.

Chukua tiketi unayoitamani. Tuseme kwa fedha taslimu ni shilingi 1,400,000. Ukitumia maili, mpango unadai maili 30,000, na bado unalipa kodi na tozo 500,000, kwa sababu tiketi ya zawadi si ya bure. Kodi za viwanja zipo palepale, na baadhi ya mashirika yanaongeza tozo zao wenyewe juu. Maili zimekuokolea 900,000. Gawanya kwa 30,000: kila maili ina thamani ya shilingi 30.

Sasa rudi kwenye tiketi yako ya Guangzhou ya maili 3,050. Thamani yake ni shilingi 91,500. Kwa hiyo shirika la ukoo wako likiuza ghali kuliko jingine kwa laki mbili, panda hilo jingine bila kutazama nyuma. Likiwa ghali kwa elfu hamsini, hapo kaa na ukoo wako. Namba zangu ni za mfano, weka zako. Lakini ukishakuwa na bei ya maili moja kichwani, matangazo ya "maili mara mbili wikiendi hii" yanapoteza makali yake.

Kwa hesabu hiyohiyo utaona kwa nini siwashauri watu kununua maili kwa fedha. Bei wanayouza mara nyingi iko juu ya thamani utakayoipata. Isipokuwa kama umebakiza maili chache sana kufikia tiketi unayoijua, na siti umeshaiona kwa macho yako kuwa ipo.

Siti za zawadi nazo ni chache. Desemba, wakati Dar nzima inataka kusafiri na nusu ya diaspora inataka kurudi, ndipo zinapokuwa adimu zaidi. Kabla hujajiandikisha popote, jifanye una maili: ingia kwenye tovuti, tafuta siti ya zawadi ya njia yako kwa mwezi unaosafiri kweli. Ukikosa kila tarehe, mpango huo ni picha ukutani.

Hatua ya 6: Hadhi, yaani Silver na Gold

Hadhi ni ngazi anazopandishwa msafiri wa mara kwa mara, zenye marupurupu kama launji, ukumbi wa kupumzikia uwanjani. Achana nayo. Silver ya Skywards inataka maili za hadhi, zile zinazohesabiwa kwa kupanda ngazi, 25,000 ndani ya miezi 13. Dar hadi Dubai ni maili kama 2,450. Hata kama wangekulipa kila maili ya njia, jambo ambalo tiketi ya bei ya chini haifanyi, safari tano za kwenda na kurudi zingekufikisha 24,500. Ungekaa nje ya mlango wa launji ukihesabu 500 zilizobaki. Kama unataka launji siku moja ya safari ndefu, nyingi zinauza kiingilio.

Hatua ya 7: Jiandikishe kwa jina la pasipoti, kwa barua pepe yako

Majina yetu matatu yanasumbua sana mifumo hii. Pasipoti ina jina lako, la baba na la ukoo. Wakala anaandika mawili ya mwanzo pamoja bila nafasi, wewe kwenye akaunti umeandika la kwanza na la mwisho tu, au umetumia jina la ndoa ambalo pasipoti hailijui. Kompyuta inaona watu wawili, maili haziingii. Fungua pasipoti, nakili kama ilivyoandikwa, herufi kwa herufi. Jina la Kiarabu lenye tahajia mbili, shika ya pasipoti, si ile ya cheti cha shule.

Barua pepe iwe yako binafsi, ile utakayokuwa nayo ukizeeka. Isiwe ya ofisi. Wala isiwe ya wakala: wapo wanaokufungulia akaunti kwa wema wakitumia anwani yao, na siku ukihitaji nywila lazima uende ukawatafute kwenye jengo walilokwisha kuhama. Jirani yangu alimtafuta wake kuanzia Mnazi Mmoja hadi Mwenge.

Kama mnasafiri kifamilia, tazama akaunti ya familia. Skywards na Privilege Club zote zina utaratibu wa kuunganisha maili za wanafamilia, na Flying Blue pia. Kwa watu wa ekonomi hili ni kubwa kuliko herufi zote za hatua ya nne, maana baba, mama na watoto wawili wakienda Muscat harusini, vibubu vinne vinakuwa kimoja. Watoto wa kuanzia miaka miwili wana mpango wao ndani ya Skywards. Ni upatu wa nyumbani, ila kijumbe hakimbii na fedha.

Na wale wanaosafiri kwa tiketi ya mwajiri: namba inayoandikwa ni ya abiria, maili zinamwingia abiria. Uliza ofisini kama wana utaratibu tofauti, kisha weka namba yako. Nilisafiri Dubai ile ya semina bila kuweka chochote, kwa aibu tu.

Hatua ya 8: Chagua, kisha nyamaza

Kwa karatasi yako na majibu ya hatua ya pili, tatu na nne, chagua mpango mmoja wa nje. Mmoja. Kama unaruka sana ndani ya nchi, ongeza wa shirika la ndani, basi.

Mimi nilichagua ShebaMiles, kwa sababu ya Mumbai na kwa sababu Turkish ni ndugu yao. Dada yangu mdogo anayekwenda Dubai kila baada ya miezi minne kufuata vitenge na manukato, nilimwambia abaki Skywards, maana akikosa Emirates anapanda flydubai na bado anajaza kibubu kilekile. Mjomba aliye na watoto Uholanzi na anakwenda kuwaona kila kiangazi bila kukosa, Flying Blue inamtosha. Miezi 24 haimpati. Shemeji anayekwenda Doha kikazi na ana mtoto Uingereza, Privilege Club. Unaona kwamba hakuna hata mmoja aliyechagua kwa kulinganisha zawadi.

Kadi nyingine usizifute siku hiyohiyo. Angalia kama zina maili za kutosha kitu kidogo: mzigo wa ziada, kuchagua siti, au kuhamishia akaunti nyingine inaporuhusiwa. Mtu wa Dar anayerudi na mabegi anajua begi moja la ziada lina thamani gani kaunta. Tumia, kisha ziache zife kwa amani.

Hatua ya 9: Siku ya safari na wiki zinazofuata

Toa namba ya uanachama wakati wa kununua tiketi. Ukiwa kwenye kaunta pale Jengo la 3, muulize mhudumu kama ameiona: "Samahani dada, namba yangu ya maili imo?" Itazame mwenyewe kwenye boding pasi, kwa kawaida inachapishwa karibu na jina.

Usiipige picha hiyo boding pasi na kuiweka status ya WhatsApp ukiandika "Bye bye Bongo". Ina namba ya nafasi yako ya safari, na mwenye namba hiyo pamoja na jina lako la ukoo anaweza kuingia kwenye tovuti na kuichezea tiketi ya kurudi. Picha ya bawa la ndege inatosha, watu wataelewa.

Tunza vipande vya boding pasi vya kwenda na kurudi mpaka maili ziingie. Tunza pia namba ya tiketi, ile yenye tarakimu 13. Tatu za mwanzo ni alama ya shirika, kwa mfano 071 ni Ethiopian, 176 Emirates, 157 Qatar, 235 Turkish. Maili zisipoonekana baada ya wiki kadhaa, ingia kwenye akaunti, tafuta fomu ya kudai maili zilizokosekana, jaza namba hiyo. Dai lina muda wake wa mwisho, wa miezi michache, kwa hiyo usingoje mpaka safari nyingine ikukumbushe.

Safari ya mwisho ya Mumbai maili zetu hazikuingia, za mama wala zangu. Ni majina wakala alivyoyaandika, mambo yaleyale ya hatua ya saba. Nikaenda kudai. Fomu ikataka nakala ya boding pasi. Zangu nilikuwa nimeziacha kwenye mfuko wa siti, mahali fulani juu ya Bahari ya Hindi. Mama akaniangalia, akaingia chumbani, akatoka na bati la biskuti. Vipande vyake vyote vinne vilikuwemo, vimefungwa na mpira, chini ya risiti za LUKU za mwaka mzima. Za kwake ziliingia wiki tatu baadaye.